Jumamosi Nane Wandegeya: Tathmini ya Kozi ya Simulizi za Kisomo

Mwezi wa pili mwaka huu nililipa shilingi 320,000 ili niketi Jumamosi nane mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, katika chumba kilicho juu ya maduka ya kuchapa na kutoa nakala pale Wandegeya, nikijifunza kuandika jambo ambalo nilidhani nalijua kuliko mtu mwingine yeyote: namna mimi mwenyewe nilivyojifunza kusoma. Kozi haikuwa na jina la kujigamba. Tangazo lake lilikuwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa duka ninakotolea nakala za mitihani ya wanafunzi wangu, na lilisema tu kwamba kutakuwa na meza mbili, moja ya wanaoandika kwa Kiingereza na nyingine ya wanaoandika kwa Kiswahili, na kwamba kila mshiriki atatoka na insha moja iliyokamilika. Hiyo meza ya pili ndiyo iliyonivuta. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na kwa miaka ishirini na miwili niliyofundisha Kampala sijapata kuona kozi ya uandishi ya watu wazima inayomkaribisha mtu aandike kwa lugha hii bila kwanza kumtaka ajieleze kwa nini.

Niseme mapema nilikofikia, ili asiye na muda asihangaike: kozi ni nzuri, mwalimu anaijua kazi yake, bei ni ya haki. Vitini vya meza ya Kiswahili, hata hivyo, ni vibovu, na kijitabu tulichoahidiwa mwishoni kilikuwa aibu tupu.

Kwanza jambo lenyewe. Simulizi ya kisomo ni insha ya nafsi ya kwanza ambamo mwandishi anaeleza alivyokutana na maandishi: nani alimwonyesha herufi, kwa lugha gani, kwa kitabu gani au kipande gani cha karatasi, kwa gharama ipi, na kusoma kulimfikisha wapi baadaye. Neno "kisomo" niliingia nalo mimi, halikuwa lao. Vitini vilikuwa vikiyumba kati ya "elimu", "usomi" na "stadi za kusoma na kuandika", mara nyingine yote matatu katika ukurasa mmoja, hata msomaji akadhani kwamba yanazungumziwa mambo matatu. Nilimweleza mwalimu kwamba Tanzania ilikwisha kuumaliza ubishi huo katika kampeni zake za elimu ya watu wazima, ilipozungumzia kisomo chenye manufaa, na kwamba neno hilo hilo huko pwani lina maana nyingine pia, yaani kikao cha kumsomea Kurani marehemu au mgonjwa. Aliliandika ubaoni, akalizungushia duara, na tangu siku hiyo hata meza ya Kiingereza ikawa inasema kisomo.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya historia, nami nilikwenda nimejiandaa kusinzia. Sikusinzia. Mwalimu, mama wa makamo aliyesomea ufundishaji wa uandishi ng'ambo kisha akarejea nyumbani, alianza kwa kutuambia kwamba kozi za uandishi katika vyuo vya Marekani hazikuzaliwa kwa sababu mtu yeyote alikuwa na hamu ya kusikia maisha ya wanafunzi. Zilizaliwa kwa hofu ya makosa yao. Chuo cha Harvard kilipoanza, mwaka 1874, kuwataka waombaji waandike insha katika mtihani wa kuingia, matokeo yaliwashtua wakubwa, na katika muongo uliofuata chuo kikaweka kozi ya lazima ya uandishi kwa mwaka wa kwanza, ambayo vyuo vingine viliiga. Kwa muda mrefu kozi za aina hiyo zilikuwa kama mahakama ya tahajia na alama za uandishi, na mwanafunzi aliingia akiwa mshtakiwa. Mwaka 1966 walimu wa Kiingereza kutoka Uingereza na Marekani walikutana katika chuo cha Dartmouth, Marekani, na huko likapata nguvu wazo kwamba lugha ni njia ya mtu kukua na si mzigo wa kanuni wa kubebeshwa tu. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kikawafungulia milango wahitimu wote wa sekondari za jiji, na madarasa yakajaa vijana ambao Kiingereza cha nyumbani kwao hakikuwa kile cha chuoni. Mina Shaughnessy, aliyewafundisha vijana hao, alichapisha mwaka 1977 kitabu kilichoonyesha kwamba makosa yao yalikuwa na mantiki yake, na kwamba mwalimu anayeyasoma kwa subira atamwona mtu anayejifunza mahali alipokuwa akimwona mjinga.

Hapo ndipo zoezi hili lilipopata ardhi ya kuotea: mwanafunzi ambaye hana la kusema juu ya mada za wenyewe alikuwa na jambo moja analolijua na mwalimu wake halijui. Jina lenyewe lilichelewa. Janet Carey Eldred na Peter Mortensen walilitumia mwaka 1992 katika jarida la College English, na jambo lililonifurahisha ni kwamba hawakuwa wakizungumzia insha za wanafunzi bali kazi za kubuni, mfano wao mkubwa ukiwa tamthilia ya George Bernard Shaw kuhusu binti muuza maua anayefundishwa kusema kama mabibi wakubwa wa London. Miaka miwili baadaye, katika jarida hilo hilo, Mary Soliday akaonyesha simulizi hizo zinaweza kumfanyia nini mwanafunzi anayeishi kati ya lugha mbili, akiwa kila siku anavuka kutoka moja kwenda nyingine.

Ninayasimulia haya kwa urefu kwa kuwa ndiyo sehemu ya kozi niliyodhani nitairuka katika tathmini hii. Mwalimu hakuitumia historia kama pambo la kuonyesha kwamba amesoma. Aliitumia kutuonyesha kwamba zoezi tulilokuwa tunalipa fedha kulifanya lina wazazi wawili wasiopatana, mmoja anayetaka mwanafunzi aandike sawasawa na mwingine anayetaka aandike lililo lake, na kwamba ugomvi wao ungetokea katika kila rasimu yetu. Ukatokea kweli.

Somo tulilopewa kusoma nyumbani lilikuwa sura ya Frederick Douglass, kutoka katika simulizi ya maisha yake ya utumwa iliyochapishwa mwaka 1845. Nusu ya kwanza ya kisa hicho inajulikana: mtoto mtumwa anapelekwa Baltimore, bibi wa nyumba, Sophia Auld, anaanza kumfundisha herufi, mumewe anakataza kwa kuwa mtumwa anayesoma hatawaliki, na mtoto anaendelea kwa siri, akiwapa mikate watoto wa Kizungu wenye njaa ili nao wampe masomo. Nusu ya pili huachwa. Douglass anakiri kwamba zilikuwako nyakati alipoona kusoma kumemletea laana badala ya baraka, kwa sababu kulimfumbua macho akaliona shimo alimokuwa bila kumwonyesha ngazi ya kutokea. Mwalimu alitusomea sehemu hiyo mara mbili, akatuambia kwamba atakayemletea insha isiyo na shimo ndani yake atarudishiwa. Nilidhani ni maneno ya kuchangamsha darasa, kumbe ndiyo masharti ya kozi.

Kasoro ya kwanza ninayoitaja ilionekana siku hiyo hiyo. Historia ilitoka Massachusetts ikafika New York na kurudi bila kupita Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Kianglikana hapa Kampala. Aliyeirekebisha ni mshiriki, mchungaji mzee aliyeketi meza ya Kiingereza, ambaye Jumamosi ya pili aliinua mkono akaomba dakika tano na akachukua arobaini. Alitukumbusha kwamba wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877 na mapadri Wakatoliki mwaka 1879, wakakuta Kurani imekwisha kuingia katika ikulu ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, na yeye mwenyewe akizungumza Kiswahili na wageni wake. Kwamba Alexander Mackay aliyefika mwaka 1878 alikuwa na mashine ya kupigia chapa. Na kwamba watu waliokwenda kwa wamisionari hawakuitwa waumini bali abasomi, wasomaji, kwa kuwa kuingia dini na kuzijua herufi vilikuwa mlango mmoja. Hata leo Muganda mzee akisema Jumapili kwamba anakwenda okusoma, anakwenda kanisani. Vijana wa ikulu waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 walikuwa wasomaji kwa maana zote mbili. "Kwa hiyo, Mwalimu," mzee akamaliza, "hapa kwetu kusoma kuliwahi kuwa kosa la kuuawa, na wewe unatupeleka Baltimore."

Kwa haki, mwalimu hakujitetea. Aliongeza saa nzima juu ya jambo hilo, na meza yetu ilipochangia ile maana ya pwani ya kisomo, ilidhihirika kwamba Luganda na Kiswahili vimeuweka usomaji karibu na sala kwa njia zinazofanana, jambo ambalo vitini vya Marekani havingeweza kutupa. Ni vigumu kumsamehe mtu kwa kuliacha nje tangu mwanzo, lakini mwalimu anayeweza kupokea kitu kutoka kwa mwanafunzi wake na kukijenga ndani ya somo wiki hiyo hiyo ni adimu, nami nasema hivyo kama mtu wa kazi hiyo hiyo.

Moyo wa kozi ulikuwa Jumamosi ya tatu. Deborah Brandt, mtafiti wa Wisconsin, aliwahoji watu 80 waliozaliwa kati ya mwaka 1895 na 1985 kuhusu walivyojifunza kusoma na kuandika, na mwaka 1998 alichapisha makala iliyobadilisha namna ya kuzisikiliza simulizi kama hizo. Wazo lake ni kwamba hakuna anayejifunza kusoma peke yake: nyuma ya kila msomaji wapo watu au vyombo, vya karibu au vya mbali, vilivyomfundisha, kumwezesha, kumwelekeza au kumzuia, na ambavyo vilipata faida yao kwa kufanya hivyo. Kitini chetu kiliwaita "wafadhili". Nusu ya meza ya Kiswahili ilitumia dakika ishirini kuorodhesha mashirika yaliyowahi kuwalipia karo, kwa kuwa Uganda nzima inajua mfadhili ni nani: ni yule Mzungu wa kwenye picha ambaye mtoto humwandikia barua kila Krismasi. Nilisimama nikapendekeza "mdhamini". Mdhamini ni yule anayesimama mahakamani kwa ajili yako, na pia ni kampuni ambayo bango lake limezunguka uwanja wa mpira. Wa kwanza anahatarisha chake, wa pili anavuna chake, na wazo la Brandt linawahitaji wote wawili.

Zoezi lenyewe ni rahisi mno kuelezea. Unakunja karatasi iwe na safu tatu. Ya kwanza unaandika kila aliyekupa maandishi kabla hujatimiza miaka kumi na mitano. Ya pili unaandika alipata nini. Ya tatu unaandika alikunyima nini. Mhasibu mstaafu aliyeketi kando yangu, mtu mpole mwenye mwandiko wa kikarani, aligundua kwamba karibu kila kitabu alichogusa utotoni kilitoka katika shamba la chai lililomwajiri baba yake, na kwamba shamba hilo lilikuwa likiandaa makarani. Alikaa muda mrefu akiitazama safu ya pili. Nesi mmoja alijaza safu ya kwanza kwa majina ya dada zake wanne walioacha shule ili yeye asome, kisha akashindwa kabisa kuandika chochote katika safu ya pili. Mwalimu alipita nyuma yake, akaiona nafasi ile tupu, akamwambia, "Nnyabo, hapo ndipo insha yako inapoanzia."

Yangu sikutaka kuiandika hivyo. Nililelewa katika kambi ya jeshi upande wa mashariki, na Kiswahili changu ni cha kambini kabla hakijawa cha vitabuni. Jeshi la nchi hii limekitumia tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na ndiyo maana raia wengi wa kizazi changu walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baba zetu walikuwa wamepelekwa kaskazini vitani. Barua zao zilifika kwa Kiswahili, nyingi zikiwa zimeandikwa na mwenzao mmoja anayejua kuandika, nazo zilisomwa na mimi, mtoto wa miaka tisa au kumi, kwa akina mama waliokuwa hawajui kusoma. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa sifa. Nilikuwa macho ya kambi, niliandika, nilipewa maandazi, nilijua siri za watu wakubwa. Mwalimu alinirudishia na swali moja pembeni mwa ukurasa wa pili: nani alipoteza nini ulipokuwa ukisoma?

Nilikasirika kwa siku tatu, kisha nikaandika kisa nilichokuwa nimekiruka. Barua moja ilisema kwamba mume ameoa mke mwingine huko aliko, na kwamba fedha za mwezi zitapungua. Yule mama nilimwita Mama Mkubwa ingawa hatukuwa na undugu, naye alikuwa akinitazama usoni. Nilisoma kwamba anakusalimu sana, anasema fedha zitakuja. Wiki mbili baadaye alinijia tena na barua ile ile, akaniomba nimsomee upya kwa kuwa amesahau sehemu ya fedha, nami sikukumbuka maneno niliyotunga mara ya kwanza. Nilitunga mengine. Hakusema neno. Aliichukua karatasi yake, akaikunja, na tangu siku ile akawa anapeleka barua zake kwa mtoto wa sajini. Kama ningeulizwa kabla ya kozi hii nilijifunza lini kwamba maandishi yana mamlaka ambayo sauti haina, ningetaja darasa la tano na mwalimu fulani, na ningekuwa nimesema uongo kwa nia njema.

Sisimulii haya ili nijisifu kwa kukiri. Nayasimulia kwa kuwa huduma inayouzwa hapa ni hiyo hasa, na anayefikiria kulipa ajue analipia nini. Watafiti wa simulizi hizi, akiwemo Kara Poe Alexander katika makala yake ya mwaka 2011, wameonyesha kwamba wanafunzi huvutwa sana na hadithi ya ushindi: nilikuwa sijui, nikajitahidi, nikajua, asante kusoma. Uganda tuna muundo wetu wa ushindi huo, na darasa letu liliuleta wote katika rasimu za kwanza. Lazima pawepo mwembe. Lazima mtoto aandike mchangani kwa kidole. Halafu lazima uje mfupa, ule mfupa wa ng'ombe au kibao kilichotungiwa kamba na kuvishwa shingoni kwa mtoto aliyekamatwa akizungumza lugha ya kwao shuleni, avae mpaka amkamate mwenzake. Watu watano kati ya kumi na wanne waliandika juu ya mfupa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo Makerere, aliieleza desturi kama hiyo ya Kenya katika kitabu chake cha insha cha mwaka 1986, na si ajabu kwamba kila anayeandika juu yake sasa anaandika kama aliyekwisha kuelezwa. Mwalimu aliwauliza hao watano swali moja tu: baada ya kuvishwa, ulimkamata nani? Wanne walibadilisha insha zao zote. Wa tano alisema hakumbuki, na mwalimu akamwachia hapo hapo.

Huko kumwachia ndiko kulikonifanya nimwamini. Hatari ya zoezi hili inajulikana: linaweza kumlazimisha mtu avue nguo mbele ya darasa ili apate alama. Mwalimu alituwekea sheria siku ya kwanza kwamba hakuna alama, kwamba mtu anaweza kuiondoa insha yake wakati wowote bila maelezo, na kwamba maswali ya pembeni yatahusu maandishi na si maisha. Mara moja tu aliivunja sheria hiyo ya tatu, alipombana kijana mmoja juu ya baba yake, na wiki iliyofuata aliomba radhi mbele yetu sote. Nimelijaribu zoezi la safu tatu kwa wanafunzi wangu wa Senior Three, yaani kidato cha tatu, ambao walikuwa bado wadogo shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, na safu zao hazifanani na za mtu yeyote katika kozi: masomo ya redioni, karatasi za kujisomea zilizogawiwa vijijini, jirani aliyefundisha watoto sita barazani kwa malipo ya mahindi, mabango ya kutuma fedha kwa simu yaliyosomwa na mtoto anayeuza parachichi kando ya barabara. Sikuwapa alama. Mkuu wa idara aliniuliza nitarekodi nini, na swali lake ni la haki. Kozi haikutuandaa kulijibu, ingawa karibu robo ya washiriki walikuwa walimu.

Sasa lawama nilizoahidi. Vitini vya Kiswahili vilitafsiriwa, nadhani, na mtu mwenye haraka na kamusi ndogo. Nimekwisha kutaja wafadhili; mahali pengine "rasimu" iliitwa "upepo", kwa sababu neno la Kiingereza la Marekani, "draft", lina maana zote mbili na mfasiri alichagua isiyo. Mrejesho wa meza yetu pia ulikuwa mwembamba kuliko wa meza ya Kiingereza. Mwalimu anakizungumza Kiswahili vizuri lakini hakisahihishi kwa kujiamini, na msaidizi aliyeletwa kutoka Jumamosi ya tano alikuwa hodari wa upatanisho wa ngeli na maskini wa kila kitu kingine: aliirudisha insha ya mama mmoja kutoka Arua ikiwa nyekundu tupu kwa sababu Kiswahili chake ni cha huko, ilhali ile mahakama ya Harvard tuliyosimuliwa siku ya kwanza ilikuwa bado haijafutika ubaoni. Katiba ya nchi hii imekitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Anayeweka meza ya Kiswahili mwaka huu aiwekee mhariri wa kweli, na amlipe.

Kuhusu kijitabu nitakuwa mfupi kwa kuwa nikiendelea nitakasirika upya. Tuliahidiwa nakala mbili kila mmoja katika mwezi mmoja. Tulizipata baada ya miezi minne, baada ya simu nyingi. Kompyuta ya mpigachapa ilikuwa imewekwa isahihishe Kiingereza, ikasahihisha Kiswahili pia. Kila mahali nilipoandika "kila" pametokea neno la Kiingereza la kuua, hata insha yangu ya barua za vitani ikasomeka kama amri ya kijeshi. Wenye kozi walikubali kosa, wakaahidi toleo jipya. Ninaandika haya bado nikilisubiri.

Mengine ni madogo. Chumba kina madirisha ya kutosha, lakini kelele za boda boda na wapiga debe wa taksi hazina siku ya kupumzika. Viti ni vya plastiki, kwa hiyo mwenye mgongo wa umri wangu abebe mto. Chai hutolewa saa tano, sukari ya kutosha, na anayetaka kushiba anashuka ngazi kwenye roleksi za Wandegeya, chapati zilizoviringishiwa mayai, ambazo hazihitaji tathmini yangu. Anayetaka kuandika hadithi za kubuni au mashairi hatapata anachokitafuta hapa. FEMRITE kule Kamwokya, chama cha waandishi wanawake kilichoanza katika miaka ya 1990, imekuwa na vikao vyake vya waandishi vya Jumatatu kwa muda mrefu, na huko ndiko kwake. Anayetaka cheti cha kupandia cheo pia asije, kwa kuwa unachotoka nacho ni kurasa saba au nane zilizoandikwa mara tano.

Mimi nimekwisha kulipia nafasi ya muhula ujao kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, aliyezaliwa kambini humo humo na ambaye, nilipomsomea insha yangu, alisema kwamba barua ile ya Mama Mkubwa aliisoma yeye na si mimi. Ataketi meza ya Kiingereza.